Nyonga Inapoanza Kuuma: Namna ya Kuwahi Upasuaji wa Tundu Dogo

Kijana mmoja wa miaka 22 mwenye siko seli aliletwa kwangu kwa mazoezi tiba akiwa na bahasha yenye picha nne za eksirei, zote za goti. Goti lilikuwa zima. Nilimkalisha kwenye kiti, nikausukuma unyayo wake kwa nje taratibu, akashika kinena na kufumba macho. Picha ya tano, ya nyonga, ilionyesha kichwa cha mfupa wa paja kimeshabonyea. Upasuaji ambao mwaka mmoja nyuma ungefanyika kwa tundu la sentimita mbili haukuwa tena na kazi kwake.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya huo mwaka mmoja, kabla kichwa cha paja kilichokosa damu hakijabonyea. Unamhusu zaidi mwenye siko seli, kwa sababu Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaliwa watoto wengi wenye ugonjwa huo duniani, na nyonga ndicho kiungo unachokiumiza sana. Lakini hatua ni zilezile kwa mtu aliyetumia dawa za steroidi muda mrefu (prednisoloni, deksamethasone), kwa mnywaji wa pombe kali wa miaka mingi, kwa mzamiaji wa kina kirefu, na kwa aliyewahi kuvunjika shingo ya paja au kuteguka nyonga kwenye ajali ya bodaboda. Namtaja pia, kwa uchungu, binti anayemeza vidonge vya kunenepesha vya mitaani. Vingine vina deksamethasone ndani, na yeye hajui.

Kwanza elewa kinachotokea. Juu ya mfupa wa paja kuna kichwa cha mviringo, ukubwa wake unakaribia chenza, kilichokaa ndani ya kikombe cha fupanyonga. Vyote viwili vimefunikwa gegedu laini. Damu ya kulisha kichwa hicho hupita kwenye mishipa myembamba inayopanda shingoni mwa mfupa, na ikizibwa hakuna njia nyingi mbadala. Seli za damu zenye umbo la mundu, zile za siko seli, huiziba. Mafuta yanayoongezeka kwa steroidi na pombe nayo hubana. Sehemu ya mfupa hufa, lakini kichwa hubaki mviringo kwa miezi, wakati mwingine kwa zaidi ya mwaka. Kisha mfupa uliokufa hupasuka chini ya gegedu, na kichwa hubonyea kama mpira uliotoka upepo. Upasuaji wa tundu dogo una nafasi yake kabla ya hapo tu.

Hatua ya 1: Hakikisha ni nyonga

Watu wengi wakisema "nyonga inauma" huonyesha kiuno au tako. Maumivu ya kiungo chenyewe hukaa zaidi kwenye kinena, yakashuka mbele ya paja, na mara nyingi huishia gotini, kwa kuwa neva zinazohudumia nyonga huhudumia na goti. Mgonjwa akiulizwa panapouma hukumbatia ubavu wa nyonga kwa kiganja, kidole gumba nyuma, vidole vingine mbele kinenani.

Jaribu hivi nyumbani. Kaa kwenye kiti kigumu, magoti yakunjwe sawasawa. Mtu mwingine ashike goti lisisogee, kisha ausukume unyayo wako polepole kuelekea nje. Linganisha na mguu wa pili. Upande unaogoma mapema, au unaochoma kinenani, ndio wa kupelekwa kupigwa picha. Dalili nyingine utaziona katika shughuli za kila siku: kushindwa kuchuchumaa chooni, kushindwa kukaa kitako mkekani, taabu ya kupanda ngazi ya daladala, kuchechemea jioni baada ya kazi.

Mwenye siko seli ana mtego wake. Amezoea maumivu ya mifupa, na nyumbani wamezoea kusema ni krisisi, yaani mlipuko wa maumivu ya siko seli, itapita. Krisisi huja na kuondoka ndani ya siku chache na kuhama mahali. Maumivu ya kinena kilekile yakipita wiki mbili au tatu, hasa yanayozidi unapokanyaga, usiyahesabu kuwa krisisi.

Mambo mawili hayangoji hata kesho. La kwanza ni nyonga inayouma pamoja na homa, mguu usioweza kukanyaga kabisa: huenda kuna usaha kwenye kiungo, na usaha huharibu gegedu ndani ya siku chache. Mwenye siko seli yuko hatarini zaidi kupata maambukizi ya mifupa. La pili ni mtoto wa miaka 10 hadi 16 anayechechemea na kulalamikia goti au paja, mguu umegeuka nje. Kichwa cha paja kinaweza kuwa kinateleza kutoka shingoni. Mbebe, asitembee. Huyu naye hutibiwa kwa mkato mdogo wa sentimita moja au mbili na skrubu moja, akiwahi.

Hatua ya 2: Pata picha iliyo sahihi

Omba eksirei ya fupanyonga nzima inayoonyesha nyonga zote mbili, na picha ya pili ya ubavu, ile ambayo mgonjwa hukunja magoti na kuyafungua kama chura. Picha moja ya mbele inaweza kuficha mstari mwembamba kama mwezi mwandamo unaoonekana chini ya gegedu, nao ndio ishara kwamba kichwa kimeanza kupasuka. Picha ya chura huuonyesha vizuri.

Eksirei ikiwa safi na maumivu yapo, kazi haijaisha. Mwanzoni mfupa uliokufa hauonekani kwa eksirei. MRI, picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku, ndiyo inayouona. Hapa ndipo wengi wanapopotelea: wanaambiwa picha ni nzuri, wanapewa diklofenaki, wanarudi nyumbani. Uliza kwa adabu lakini kwa uwazi, "Daktari, je, tumeshaondoa uwezekano wa mfupa kukosa damu? Naweza kupata rufaa ya MRI ya nyonga zote mbili?" Zote mbili, kwa sababu mfupa ukifa bila ajali, mara nyingi upande wa pili nao umeguswa hata kama hauumi bado. Na upande usiouma ndio ambao huenda bado unaokoleka.

Njia ya rufaa unaijua: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, kisha hospitali kubwa zenye madaktari bingwa wa mifupa kama KCMC Moshi, Bugando Mwanza au MOI pale Muhimbili. Barua ya rufaa iandikwe ugonjwa unaoshukiwa. "Maumivu ya mguu" peke yake itakuweka mwisho wa foleni. Picha zote zikae kwenye bahasha moja, na nyuma ya kila moja andika tarehe. Kama una bima, ulizia kibali cha MRI mapema, maana hapo ndipo wiki nyingi hupotea.

Hatua ya 3: Punguza mzigo tangu siku hiyo

Usingoje majibu. Tafuta fimbo au gongo, ulishike mkono wa upande usiouma. Karibu kila mgonjwa huanza kwa kulishika upande unaouma, na hapo halimsaidii. Gongo la mkono wa pili hupunguza kazi ya misuli ya tako inayokaza kichwa ndani ya kikombe, na mzigo juu ya nyonga hushuka sana. Acha kubeba ndoo kichwani, acha kuruka, acha mpira. Pombe iachwe kabisa. Steroidi ulizoandikiwa kwa pumu au lupasi usiziache ghafla kwa uamuzi wako, ni hatari kwa maisha; mrudie aliyeziandika akutazamie dozi au dawa mbadala. Na diklofenaki ya kila siku si rafiki wa figo za mwenye siko seli.

Hatua ya 4: Jua upasuaji upi ni wako

"Upasuaji wa matundu madogo" si kitu kimoja. Kwenye nyonga kuna aina tatu ambazo watu huzichanganya, na kila moja ina mtu wake.

*Kutoboa kichwa cha paja.* Huu ndio wa mfupa uliokosa damu na ambao kichwa chake bado ni mviringo. Ulianzia Toulouse, Ufaransa, miaka ya 1960. Madaktari Arlet na Ficat walitoboa mfupa ili kuchukua kipande cha kupima, wagonjwa wakarudi wakisema maumivu yamepungua. Mfupa uliokosa damu hujaa shinikizo ndani yake, na tundu hulitoa, kisha hufungua njia ya mishipa mipya kuingia. Daktari hukata ngozi kidogo ubavuni mwa paja, hupitisha waya mwembamba hadi sehemu iliyokufa akiongozwa na mashine ya eksirei yenye umbo la herufi C, kisha hupitisha kekee juu ya waya huo. Wengine hutoboa tundu moja la milimita 8 hadi 10, wengine matundu kadhaa ya milimita 3 hivi. Wapo wanaojaza tundu kwa uboho uliovutwa kutoka fupanyonga ya mgonjwa mwenyewe. Njia hiyo ilikuzwa sana na Philippe Hernigou, naye pia wa Ufaransa, na kati ya wagonjwa wake walikuwamo wenye siko seli.

Nitasema ukweli wote, maana mgonjwa anaustahili. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowagawa wagonjwa wa siko seli makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilitobolewa na kufanya mazoezi tiba, la pili lilifanya mazoezi tiba peke yake. Baada ya wastani wa miaka mitatu, nyonga ambazo hazikuhitaji upasuaji zaidi zilikuwa asilimia 82 kwa waliotobolewa na asilimia 86 kwa waliofanya mazoezi tu. Wagonjwa walikuwa wachache, hawakufika 50, kwa hiyo hauwezi kufunga mjadala. Lakini mimi umenifundisha kutomwacha mtu aamini kwamba kekee peke yake itamponya. Ninayemwona akifaidika ni yule ambaye sehemu iliyokufa ni ndogo, maumivu hayatulii kwa gongo, na yuko tayari kufanya mazoezi kwa miezi. Mwenye eneo kubwa lililokufa aulize mara mbili. Na iwe ni kekee, iwe ni mazoezi, vyote vinamfaa aliyewahi.

*Athroskopi ya nyonga.* Hii ni kamera inayoingia kwenye kiungo chenyewe kupitia matundu mawili au matatu, kila moja la sentimita moja hivi. Humfaa mtu ambaye shingo ya paja na ukingo wa kikombe vinagongana anapokunja mguu, au aliyechanika mdomo wa gegedu unaozunguka kikombe, kama mchezaji mpira au mcheza karate. Mguu huvutwa kwa mashine hadi kichwa kitoke kikombeni kwa takriban sentimita moja, ndipo vifaa vipite. Mvuto huo hautakiwi kuzidi saa mbili, la sivyo neva za sehemu za siri na mguu hufa ganzi. Uingereza walilinganisha upasuaji huu na mazoezi tiba maalumu kwa wagonjwa 348, na majibu yakatoka mwaka 2018: makundi yote mawili yalipata nafuu, waliopasuliwa wakawazidi wenzao kwa pointi 6.8 kwenye kipimo cha pointi 100. Kwa gegedu lililolika au kichwa kilichobonyea, athroskopi haina msaada wa maana. Ukiambiwa "tutasafisha nyonga kwa kamera" na picha zako zinaonyesha kiungo kimelika, tafuta rai ya daktari wa pili.

*Nyonga bandia kwa mkato mfupi.* Kichwa kikishabonyea na kuuma usiku na mchana, kinachobaki kwa wengi ni kubadilisha nyonga. Siku hizi inawezekana kwa mkato wa sentimita 10 au chini, au kwa njia ya mbele inayopita katikati ya misuli bila kuikata. Usihangaikie urefu wa kovu. Belfast, mwaka 2005, walilinganisha mkato usiozidi sentimita 10 na ule wa 16 kwa wagonjwa 219, hawakuona tofauti ya maana katika siku za mwanzo za kupona. Ni afadhali daktari aliyezoea mkato mrefu kuliko anayejifunza mkato mfupi kwenye mwili wako.

Hatua ya 5: Maswali ya kuuliza kliniki

Andika kwenye daftari, usitegemee kumbukumbu mbele ya daktari. Kichwa cha paja bado ni mviringo au kimeanza kubonyea? Sehemu iliyokufa ni kubwa kiasi gani? Upande wa pili ukoje? Daktari, upasuaji huu umeufanya mara ngapi, na wagonjwa wako wanaendeleaje baada ya miaka miwili? Nisipofanyiwa, nini kitatokea? Isipofaulu, je, itaharibu nafasi ya kuweka nyonga bandia baadaye? Swali la mwisho lina jibu zuri kwa kawaida: tundu la kekee haliizuii. Daktari mzuri hakasiriki akiulizwa. Nimewaona wakivuta kiti na kuchora kwenye karatasi.

Hatua ya 6: Maandalizi, hasa kwa mwenye siko seli

Upasuaji wenyewe ni mdogo, hatari iko pembeni yake. Baridi, kiu, upungufu wa oksijeni na maumivu yasiyotulizwa huweza kuamsha krisisi, na mbaya zaidi, tatizo la kifua linaloua. Kwa hiyo kliniki ya siko seli ijue tarehe yako mapema na izungumze na mtaalamu wa usingizi. Mara nyingi wingi wa damu hupandishwa hadi karibu 10 kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Tafuta ndugu wa kuchangia damu wiki mbili kabla, na mweleze wa maabara mara zote ulizowahi kuongezewa damu, kwa sababu mwili unaweza kuwa umejenga kinga dhidi ya damu za watu na kutafuta inayofanana huchukua siku. Hidroksiurea, dawa ya siko seli, usiiache isipokuwa umeagizwa.

Kufunga kula ni kwa muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, lakini maji matupu kwa kawaida huruhusiwa hadi saa 2 kabla. Omba dripu ianze tangu unapofunga. Nenda na soksi nzito na kanga mbili za kujifunika, maana chumba kile ni baridi.

Nyumbani nako pana kazi. Choo cha kuchuchumaa hutakiweza. Fundi wa mbao anaweza kutengeneza kiti chenye tundu kwa siku moja. Godoro lililoko chini liinuliwe, mazulia yanayoteleza yaondolewe, na magongo yapimwe urefu wake na kujaribiwa kabla ya upasuaji. Kujifunza magongo ukiwa na maumivu na usingizi wa dawa ni kujitafutia anguko.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Kwa kutoboa, hesabu saa moja hivi, kwa ganzi ya mgongoni au nusu kaputi. Athroskopi ni ndefu zaidi. Kabla ya kulala, hakikisha daktari ameweka alama ya kalamu kwenye mguu unaopasuliwa. Wengi hutoka hospitali siku inayofuata. Mwenye siko seli asiharakishwe.

Hatua ya 8: Wiki sita za magongo

Hapa ndipo ninapopoteza wagonjwa. Maumivu huweza kupungua ndani ya siku chache, mtu akaona amepona, akaweka magongo nyuma ya mlango. Mfupa umetobolewa ubavuni na bado ni dhaifu pale, na anguko moja au hatua za nguvu zinaweza kuuvunja chini ya nyonga. Kwa kawaida ni wiki 6 za kugusisha tu unyayo chini, mzigo ukiwa mikononi. Kwenye ngazi, mguu mzima hupanda kwanza, mguu mgonjwa hushuka kwanza.

Mazoezi huanza kesho yake: kukaza msuli wa mbele ya paja huku goti limenyooka na kuhesabu hadi tano, kubana matako, kukunja na kukunjua kifundo cha mguu. Baada ya wiki mbili huongezwa kuinua mguu kwa ubavu, taratibu, kwa sababu misuli ya ubavu wa tako ndiyo inayozuia kuchechemea. Magongo yakiisha, tunarudi kwenye kutembea, kisha baiskeli ya kukalia au kuogelea kwa anayeweza kufika penye maji salama. Kuruka, mpira na kubeba mizigo mizito hungoja miezi mingi na ruhusa ya picha. Sala ifanyiwe kwenye kiti hadi utakapoambiwa nyonga iko tayari kukunjwa.

Rudi hospitali mara moja ukiona kidonda kinatoa usaha au homa imepanda, kigimbi kimevimba na kuuma upande mmoja, kifua kinabana au pumzi ni fupi, au umesikia mlio pajani na mguu ukakataa kukanyaga.

Picha za kufuatilia kwa kawaida ni wiki 6, miezi 3, miezi 6 na mwaka. Uziombe hata kama huumwi, na kila mara iwe fupanyonga nzima. Mwanamke mmoja ninayemfanyisha mazoezi alitobolewa kushoto. Picha yake ya miezi sita ilionyesha kushoto kumetulia na kulia kumeanza kubadilika, wala hakuwa amehisi chochote kulia. Anaingia kwa upande wa pili mwezi ujao, na kichwa bado ni mviringo.